Angani Hakuna Mkwe

Kama uliishi Nanyuki miaka ile ya themanini, na ukapita kando ya kiwanja kidogo cha ndege kilichokuwa nje ya mji, upande wa ranchi, bila shaka ulimwona mzee mmoja mwembamba mwenye kabuti la jeshi na mguu usiokunjika vizuri. Jumamosi asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima, alikuwa akitembea peke yake katikati ya nyasi, mikono ameiinua juu ya masikio kama mtu aliyesimamishwa na majambazi. Anatembea, anapaza sauti, "Kulia!" kisha anageuka kulia. Anarudi alikoanzia. Anaanza tena.

Watoto walimcheka. Watu wazima walisema ni bangi ya jeshini. Mimi, Wakonyo, niliyekuwa na kibanda cha chai pale langoni, niliwajibu walioniuliza kulingana na walivyouliza. Aliyeuliza kwa heshima nilimweleza. Aliyeuliza kwa kicheko nilimuuzia mandazi ya jana.

Jina lake lilikuwa Mathenge, lakini sote tulimwita Sajini. Alizaliwa kwenye miteremko ya Nyeri, akaingia jeshini, na huko akafundishwa kuruka kwa mwavuli katika miaka ya kwanza ya uhuru, wakati vijana wetu walikuwa wakifundishwa kila kitu ambacho wazungu walikuwa wametuficha. Nilimwambia mara nyingi kwamba hicho kimoja wangeendelea kutuficha tu. Mtu Mungu amempa miguu, anapanda ndege, anafunguliwa mlango huko mawinguni, na badala ya kuomba ufungwe, anatoka! Sajini alicheka sana nikisema hivyo. Siku hizo alikuwa mtu wa kucheka.

Alipostaafu jeshini aliajiriwa kuwa mwalimu wa chama cha warukaji pale kiwanjani. Wanachama walikuwa askari wa kigeni wa kambi iliyo karibu, wazungu wachache wa mashamba, na Dhiren, kijana wa Kihindi ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa Nyeri mjini. Mkewe Sajini alikuwa amefariki mapema, akamwachia mtoto mmoja tu, Wacera. Msichana huyo alikulia kati ya kibanda changu na meza ndefu ya kukunjia miavuli. Mimi ndiye niliyemfundisha kupika, na ninaweza kusema nilishindwa. Lakini kukunja mwavuli alijifunza kwa baba yake, na hapo hakuna aliyemfikia. Alikunja akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya puani. Akinyamaza, ujue ameona uzi uliolegea au kamba iliyochakaa, na mwavuli huo haurukiwi siku hiyo hata aje jenerali.

Kwa hiyo Sajini hakuogopa mwavuli kukataa kufunguka. Alichoogopa ni watu kugongana. Miavuli ya zamani, ile ya duara, ilikuwa inashuka tu, na mtu akining'inia chini yake anafika siku atakayofika. Kisha ikaja mipya ya mstatili, na hiyo ilikuwa na mwendo. Ilikwenda mbele kama baiskeli kwenye mteremko.

"Hii kitu inatembea," aliwaambia wanafunzi wake akiwa amewapanga kwenye nyasi. "Na wewe unaangalia wapi? Unaangalia chini kwa alama ya kutua, ndio watu wakupigie makofi. Nani anaangalia mbele? Hakuna! Mkigongana, ile kitambaa yako na yake inajifunga pamoja, na nyinyi mnashuka kama magunia ya viazi. Sasa, mikono juu. Tembea!"

Hapo ndipo lilipoanza lile zoezi. Watu wawili walisimama mbali, wakainua mikono kana kwamba wameshika kamba za kuongozea mwavuli, wakatembea kuelekeana. Sheria zilikuwa chache. Anayemwona mwenzake kwanza anamwita kwa jina na kupiga kelele, "Kulia!" Kisha kila mmoja anageukia kulia kwake, na wanapishana salama. Hakuna kungoja mwenzako aone. Hakuna kudhani ameona. Nilizoea kuacha sufuria yangu jikoni nikatoka kuwatazama watu wazima, wengine na mvi zao, wakicheza ndege.

Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Gicheru. Huyo alitoka Kutus, fundi wa injini, na alikuja kurekebisha ndege ya chama akabaki kuruka kutoka humo. Mwili mkubwa, sauti kubwa. Akiagiza chai kwangu, hata waliokuwa Nyeri walijua Gicheru anakunywa chai. Kwenye zoezi, akielekeana na Sajini, alipaza sauti tangu mbali, "Kulia, Sajini! Kulia, Mathenge!" mpaka mbuzi walioingia kiwanjani wakakimbia, na Sajini akamwambia, "Huyu ndiye mwanafunzi yangu. Huyu hatakufa."

Nakumbuka alivyolisema neno hilo. Nalikumbuka kwa uchungu.

Basi Gicheru akaanza kupenda kukaa karibu na meza ya kukunjia. Alisema anajifunza kazi. Wacera akaacha nyimbo za kanisa akaanza kuimba nyingine za redioni, na mimi si kipofu. Nilimwuliza, "Mwanangu, huyo mwenye kelele ndiye umemwona?" Akasema, "Mama Wakonyo, akinyamaza huwa ni mtu mpole sana." Nikamwambia sijawahi kupata bahati ya kumwona akiwa amenyamaza. Tulicheka mpaka akakaa chini kwenye kitambaa cha mwavuli.

Ruracio, yaani sherehe ya mahari, ikafanyika vizuri, mbuzi wakapelekwa, wazee wa Kutus na wazee wa Nyeri wakanywa na kusifiana uongo. Mimi nilikaa upande wa bibi harusi kama mama yake. Na kuanzia siku hiyo Gicheru hakuwa tena mwanafunzi wa Sajini tu. Alikuwa mkwewe, muthoni wake, na mambo yakabadilika.

Kwetu mkwe si mtu wa mchezo. Iko haya ya wakwe, tunaiita thoni, na mtu aliyelelewa vizuri huwa nayo mpaka kwenye mifupa. Humtaji baba wa mke wako kwa jina. Humpigii kelele hata nyumba yake ikishika moto. Unamtafuta mtu mwingine wa kumwambia. Na mkikutana kwenye njia ya mteremko, unatoka njiani upande wa chini, unamwachia upande wa juu, unasimama macho yako yakiwa ardhini mpaka apite. Ni adabu nzuri. Mimi mwenyewe nimewatesa nayo waume wa binti zangu.

Gicheru, pamoja na kelele zake zote, alikuwa amelelewa vizuri.

Jumamosi ya kwanza baada ya ruracio walipangwa kwenye zoezi, yeye na Sajini. Wakainua mikono, wakaanza kutembea. Sote tulingoja ile sauti. Haikuja. Gicheru alipomkaribia baba mkwe wake aliteremsha macho, akatoka kushoto, upande wa chini wa uwanja, akasimama pale kama mtoto aliyechelewa shule. Sajini alikuwa amegeuka kulia kama kawaida, na kulia kwake kulikuwa upande huohuo. Ilibidi asimame ghafla wasigongane vifua.

Warukaji walicheka mpaka wakashika magoti. Dhiren peke yake hakucheka sana. "Sajini," alisema, "hiyo haikuwa kulia. Na hajaita."

Sasa hapa ndipo hasira yangu imekaa miaka yote hii. Sajini huyu aliwahi kumfukuza ofisa wa kizungu kwa kusahau kugeuka. Hata mimi aliwahi kuniamuru niinue mikono, na mimi nilikuwa nimeleta chai tu. Angemkamata kijana yule sikio akamwambia, hapa mimi si baba ya Wacera. Lakini hakufanya hivyo. Alishika kola ya kabuti lake, akainyoosha, akatabasamu.

"Huyo ni muthoni wangu," alisema. "Mwacheni. Huko juu atajua."

Ilimpendeza. Hakuwa na mtoto wa kiume, na mbele ya wageni wote wale alikuwa amepishwa njia na kijana mwenye nguvu aliyelelewa vizuri. Ilimpendeza, na sisi sote tulimwona.

Wacera aliona pia, kutoka kwenye meza yake, na yeye hakuona la kucheka. Jioni alimwuliza mumewe, "Na mkiwa juu, utamwita?" Gicheru akashangaa kana kwamba ameambiwa aibe sadaka. "Nimwite nani? Nitaje jina yake? Wacera, mdomo yangu itaoza."

Kwa hiyo Wacera akamwendea baba yake. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la kibanda changu, na mimi nilikuwa nikiosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

"Baba, naomba kitu moja. Msiruke pamoja, wewe na Gicheru."

"Kwa nini?"

"Kamba ikiwa mbaya mimi naiona, natoa. Lakini hii yenu sioni mahali nitaishika. Yeye hawezi kukuita, na wewe hutaki kumwambia akuite."

Sajini alimaliza chai yake. Kisha akasema, "Sawa. Sitapanda ndege moja na yeye. Umeridhika?"

"Uniahidi."

"Si nimesema?"

Na kwa muda mrefu alilishika neno lake. Gicheru aliruka na wengine, akipiga kelele zake huko juu mpaka tukamsikia ardhini, na Sajini aliruka zamu nyingine. Wacera akapata mimba. Gicheru alinieleza mpango wake wote huku akila mandazi yangu: mvulana wa kwanza angepewa jina la baba yake kama ilivyo desturi, na wa pili angeitwa Mathenge. "Huyo ndiye nitamwita kwa kelele," alisema. "Nitalitaja hilo jina mpaka nichoke. Mathenge, toka kwa matope! Mathenge, kuja ukule!" Alicheka kweli.

Mwaka uliofuata ule ambao nchi ilimzika rais wake wa kwanza, chama kiliombwa kuruka kwenye maonyesho ya kilimo Nyeri. Warukaji watatu wangeshuka mbele ya watu, kila mmoja na kopo la moshi wake mguuni, mweusi, mwekundu na kijani. Waliochaguliwa walikuwa Dhiren, Gicheru, na askari mmoja wa kigeni. Mimi nilikwenda kuuza chai. Wacera alikwenda na miavuli, tumbo limeshaonekana, na Sajini alikwenda kwa sababu ni kwao. Wazee wa rika lake walikuwa wamekuja kutoka kijijini, wamevaa makoti na kofia, na aliwasalimia mmoja mmoja.

Asubuhi ile yule askari aliitwa kambini, akaondoka. Mtu wa kamati akaja mbio. Watatu walikuwa wametangazwa, bendera ina rangi zake, watu wamejaa, itakuwaje? Nilimwona Sajini akiwatazama wale wazee wenzake. Walikuwa wamesikia habari za kuruka kwake tangu zamani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kumwona.

"Nitaruka mimi," alisema.

Wacera alikuwa akifunga mikanda ya Gicheru. Aliiacha. "Baba, uliniahidi."

"Ni siku moja tu. Mimi natoka kwanza, yeye nyuma. Nitakuwa chini, yeye juu. Hatutakutana."

"Gicheru, kataa wewe."

Gicheru alimtazama mkewe, kisha akavitazama viatu vya mkwewe. Atakataaje? Angemwambia nani kwamba amekataa?

"Basi mwambie, Baba," Wacera alisema. "Mwambie hapa mbele yangu. Mwambie aite jina yako."

Wazee walikuwa wamesogea karibu kuona vile vitu vya mgongoni. Walikuwa wanasikia. Mzee Mathenge wa kijiji chao, mbele ya rika lake, amwambie mume wa binti yake ampigie kelele kwa jina? Sajini alinyoosha kola ambayo siku hiyo haikuwepo, maana alikuwa amevaa nguo za kurukia.

"Tutaongea tukirudi," alisema.

Wacera hakubishana tena. Binti wa watu habishani na baba yake hadharani. Aliwakagua wote wawili, kila kamba na kila kifungo, akavuta, akagonga bega la kila mmoja kama alivyofanya siku zote. Mikono yake ilikuwa imara. 

Walitoka ndegeni vizuri. Miavuli ikafunguka vizuri, yote, na watu wakapiga vigelegele kuona ule moshi. Sajini alikuwa wa chini, Gicheru juu yake, Dhiren juu kabisa. Lakini Sajini alikuwa mwembamba, upepo ukamchukua, akawa anaelea. Gicheru alikuwa mzito, akashuka haraka. Haukupita muda wakawa sawasawa. Kisha upepo ukageuka, kama unavyofanya Nyeri jua likipanda, na Sajini akaona atapitiliza ile alama nyeupe iliyokuwa mbele ya wazee wake. Akauzungusha mwavuli wake arudi. Sasa wakawa wanakwenda wakielekeana.

Sajini alikuwa anaangalia chini.

Gicheru alikuwa anaangalia mbele. Kutoka pale ardhini tulimwona kichwa chake kikiwa juu, kimemwelekea mkwewe. Wacera alisimama akashika mkono wangu. "Mwite," alisema, polepole kwanza. "Mwite, mwite." Kisha akapiga kelele, "Gicheru, mwite!" Lakini bendi ya shule ilikuwa inapiga ngoma, na mtu mwenye kipaza sauti alikuwa anaeleza rangi za bendera.

Nafasi ilikuwepo. Jina moja na neno moja. Gicheru aliyekuwa akiagiza chai kwa sauti ya kuamsha mji mzima, alinyamaza. Alivuta kamba ya kushoto, upande wa chini wa mteremko, akatoka njiani.

Hapo ndipo Sajini alipoinua kichwa. Na kwa mazoea ya miaka mingi akageuka kulia.

Kitambaa kilijifunga kwenye kitambaa. Moshi wa kijani na moshi mwekundu vikazunguka pamoja, na watu wengine wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya mchezo. Walikuwa chini mno kwa mwavuli wa akiba kusaidia kitu. Walianguka karibu na mabanda ya ng'ombe wa maziwa, Gicheru chini, Sajini juu yake.

Wacera alifika kabla ya wote, na tumbo lake vile. Nilimkuta amepiga magoti. Hakuwa analia. Alikuwa anatenganisha kamba, moja moja, akizifuata kwa vidole tangu mwanzo mpaka mwisho kama mtu anayetaka kukunja upya. Ilibidi nimshike mikono. Gicheru alikuwa ameshakufa, na bendi bado ilikuwa inapiga, maana hakuna aliyekuwa amewaambia waache.

Waswahili wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile mkuu ndiye aliyevunjika guu, na aliyemsikia ndiye aliyekufa. Sijui methali ya kitu kama hicho. Nimeitafuta.

Dhiren alikuja kibandani kwangu baada ya mazishi. Alikaa na chai ikapoa mbele yake. "Mama, mimi nilikuwa juu yao," alisema. "Niliwaona wote wawili. Nilipiga kelele lakini mimi nilikuwa mbali. Yeye alikuwa karibu. Mbona hakuita?" Alikuwa mtoto wa dukani, Mhindi, na alilia kwa uchungu ambao sikuwa na maneno ya kuutuliza. Ningemwelezaje? Nilimwambia, "Alikuwa na adabu." Akanitazama kana kwamba nimetukana maiti.

Hospitalini Nyeri tulimkuta Sajini mguu umefungwa na kutundikwa. Alipomwona binti yake uso wake ulikunjamana kabisa.

"Aliniona," alisema. "Nikainua kichwa, tukaonana macho. Mdomo ikafunguka. Halafu ikafunga. Wacera, alinipisha. Alinipisha njia."

Nilitamani Wacera amtukane. Nilitamani apindue kile kitanda. Badala yake alirekebisha blanketi lililokuwa limeteleza, akasema, "Pole, Baba," akatoka nje.

Na hivyo ndivyo alivyoishi naye. Alijifungua msichana, akampa jina la mama yake Gicheru, Gathoni. Hakuolewa tena, hakuzaa tena, na lile jina la Mathenge halikupata mtoto wa kulibeba. Meza ya kukunjia hakuigusa tena. Alikodi chumba karibu na soko la Nanyuki akawa anashona sare za shule. Kila siku alimpelekea baba yake chakula, akamfulia, akampaka dawa mguuni. "Baba, chakula." "Baba, maji iko tayari." Zaidi ya hapo, hakuna. Hakuwahi kumwinulia sauti, wala kumwuliza lolote. Heshima ilikuwa kamili, na ilimmaliza mzee yule kuliko matusi yote ambayo ningemchagulia.

Majuto ni mjukuu, na huyu alikuwa na mjukuu kweli, akikua mbele ya macho yake akiwa na masikio ya Gicheru. Alipoweza kusimama kwa fimbo alirudi kiwanjani. Hakuruka tena. Alifundisha, na sasa alifundisha kama mtu anayezima moto. Dhiren alimwandikia kwa rangi kwenye ukuta wa banda la ndege, herufi kubwa: ANGANI HAKUNA MKWE. ITA JINA. Hakuna aliyekanyaga ndege kabla ya kutembea kwenye nyasi akielekeana na Sajini na kumpigia kelele usoni, "Kulia, Mathenge!" Alikuja kijana mmoja kutoka kijijini kwao, mtoto wa rafiki yake, akasema, "Kulia, mzee." Sajini akamrudisha mwanzo. "Kulia, baba." Akamrudisha. Kijana alijaribu mpaka machozi yakamtoka, na mwisho Sajini akamwambia arudi nyumbani akamsalimie baba yake, kwamba ni mtoto mzuri na hataruka kamwe.

Watu walimsifu. Walisema amegeuza msiba kuwa somo. Mimi nilimpa chai yake na sikumsifu. Somo lilikuwepo tangu mwanzo, yeye ndiye aliyelileta, na siku moja tu alilikunja akalitia mfukoni kwa sababu ya wazee wenye kofia.

Miaka ikaenda. Wazungu wa mashamba wakauza, wakaondoka. Dhiren akahamia ng'ambo kwa ndugu zake. Alikuja kuniaga, akanipa kitambaa cha gauni. Ndege ikauzwa. Chama kikafa polepole, mbuzi wakarudi kiwanjani, na Sajini akabaki na ukuta wenye maandishi na nyasi. Lakini Jumamosi alikuja, akainua mikono.

Siku ninayotaka kuieleza, Gathoni alikuwa darasa la pili, ameshakunywa maziwa ya shule mpaka amenona. Wacera alileta chakula cha baba yake pale kiwanjani, viazi vitamu na uji kwenye chupa ya chai. Alikiweka kwenye benchi langu, akanisalimia, akaenda kumwita. Mzee alikuwa katikati ya uwanja. Ilikuwa asubuhi ya baridi na hapakuwa na kelele yoyote, kwa hiyo niliwasikia.

"Baba, chakula."

"Wacera, simama hapo. Inua mikono. Kuja mbele yangu."

"Chakula itapoa, Baba."

"Mara moja. Sitakuomba kitu ingine. Kuja, na uniite."

"Siwezi kukuita jina. Wewe ni baba yangu."

"Najua," mzee alisema. "Hivyo ndivyo mlilelewa wote. Mimi ndiye nililea."

 Polepole, Wacera aliinua mikono. Sajini alirudi nyuma kwa mguu wake mbovu mpaka mwisho wa uwanja, akageuka, akainua yake. Wakaanza kutembea wakielekeana. Nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi, maziwa yanachuruzika, na sikuyajali.

Walipokaribiana sikusikia kitu. Nikadhani ameshindwa. Mzee hakupunguza mwendo wala hakugeuka. Alikuwa anangoja aitwe, na angegongwa kama asingeitwa.

"Kulia," Wacera alisema. Halafu ikamtoka, sauti ambayo sikujua anayo, kubwa kama ya marehemu. "Kulia! Mathenge, kulia! Kulia, Mathenge!"

Mzee akageuka kulia. Yeye akageuka kulia. Walipishana vizuri kabisa, nafasi ya mtu mwingine ikibaki kati yao. Ilichukua muda mfupi kuliko wa kumimina kikombe cha chai.

Wacera alisimama. Mikono yake ilikuwa bado juu. Aligeuza kichwa akamtazama baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu Nyeri alimwuliza kitu.

"Hivyo tu, Baba? Ilikuwa hivyo tu?"

Sajini alijaribu kujibu. Mdomo ulifunguka, ukafunga. Wacera alikaa chini kwenye nyasi akalia kilio cha miaka yote ile, na baba yake alisimama upande wa chini wa uwanja, macho yakiwa ardhini, akingoja amalize.